Kwa nini goli nalisikia kwa jirani kabla sijaliona kwangu? Wana Mwanza pitieni hapa

#1 Mwana Mabatini
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanikera mwaka wa tatu sasa. Nakaa Mabatini, huku juu kwenye mawe. Chini yangu, kama hatua themanini, kuna banda umiza, kile kibanda cha kulipia kuangalia mpira. Kushoto kuna jirani anatumia antena. Nyuma kuna geto la vijana wanaoangalia mpira kwa simu. Mimi nina dishi langu, kifurushi nimelipia, luku ipo, nimekaa na chai na michembe yangu. Mpira uko katikati ya uwanja, kiungo ndiyo kwanza anageuka, hajaamua hata ampe nani. Mara banda zima linalipuka: GOOOLI! Kwangu bado ni pasi ya nyuma. Zinapita sekunde nne, tano, ndipo winga anaupata, anaingia ndani, anapiga. Nimeshajua linaingia, kilichobaki ni kujua limepita upande gani wa kipa.

Halafu mimi nikishamaliza kushangilia, kinyonge, baada ya kama nusu dakika geto la nyuma nao wanalipuka kwa goli hilohilo.

Penalti ndiyo inaniumiza zaidi. Mpigaji anauweka mpira, anarudi nyuma hatua tatu, anapumua. Mimi tayari nimesikia "aaaah" ya watu sitini. Naangalia uso wa mtu ambaye hajui kama atakosa, na mimi najua.

Naombeni wenye ujuzi: hizi sekunde zinapotelea wapi? Ni dishi, ni king'amuzi, ni kituo, au ni umbali?

#2 Ngosha wa Igoma
Jibu jepesi mkuu. Setilaiti iko mbali huko juu. Mawimbi yapande, yashuke, lazima uchelewe. Antena inapokea kutoka mnara wa hapahapa mjini, ndiyo maana jirani anakutangulia.

#3 Mwana Mabatini
@Ngosha wa Igoma, nilidhani hivyo pia. Ila jirani wa antena simsemi kwamba ananitangulia, tunakwenda naye karibu sawa. Anayenitangulia ni banda, na banda nao wana dishi juu ya bati, naliona kutoka dirishani kwangu.

#4 Mwalimu Nyegezi
Ngosha, hesabu inakukataa. Setilaiti za matangazo ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kama kilomita 72,000. Mawimbi yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Gawanya: inakuja robo ya sekunde. Ni kufumba na kufumbua tu, haiwezi kumpa mtu wa banda muda wa kushangilia goli zima.

Muda unaliwa kwenye kubana picha. Picha ya runinga ikitumwa nzima nzima ingekuwa nzito mno, kwa hiyo mashine inakusanya picha kadhaa, inazilinganisha, inatuma kilichobadilika tu. Ili ulinganishe lazima usubiri picha zinazofuata zifike. Huo ni uchelewaji wa kwanza. King'amuzi chako nacho kinajiwekea akiba kidogo kabla ya kuanza kufungua ule mzigo, ili picha isikwamekwame. Huo wa pili. Na mechi ya Uingereza haiji Mabatini moja kwa moja: inatoka uwanjani, inafika kwa mwenye haki za kurusha, inafunguliwa, inawekewa mtangazaji na nembo, inabanwa tena, ndipo inapandishwa. Kila kituo kinachukua chake.

#5 Fundi Dishi Buzuruga
Mwalimu kasema vizuri lakini hajajibu swali la mleta uzi. Yeye ana dishi, banda lina dishi, mechi moja. Kwa nini wapishane?

Mimi nafunga madishi kuanzia Igoma mpaka Kisesa, na nimeliona hili sana. Kwanza, angalia dishi la banda limeelekea wapi. Hapa Mwanza dishi la setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki linatazama karibu utosini, kwa sababu sisi tuko kwenye nyuzi 33. La nyuzi 7 mashariki linalalia magharibi, upande wa Geita huko. Kama yenu yameelekea tofauti, basi hata kampuni ni tofauti na njia ya picha ni tofauti. Pili, mabanda mengi bado yana king'amuzi cha zamani, picha ya kawaida. Wewe wa picha ang'avu (HD) una mzigo mkubwa wa kufungua, unachelewa. Mtu analipa zaidi aone majani ya uwanja, na goli analipata la pili.

#6 Kijana wa Mkeka
Nyote mko nyuma. Mimi nabeti mechi ikiendelea. Kabla banda halijapiga kelele, kwenye simu soko linafungwa, dau haliwekwi tena, namba zinakuwa za kijivu. Hapo najua kuna goli au penalti. Nahesabu moja, mbili, tatu... banda linalipuka. Sasa mnaniambia picha zinachelewa kwa sababu ya kubanwa, hizi namba mbona hazichelewi?

#7 Mwalimu Nyegezi
@Kijana wa Mkeka, kwa sababu ni namba. Kuna watu wanakaa uwanjani kazi yao ni kubonyeza: kona, kadi, goli. Ujumbe wa herufi chache ni mwepesi kuliko picha hata moja. Unakushinda kila mara, usijaribu kukimbizana nao kwa kuangalia runinga.

#8 Mama Sato
Hamjambo wanangu. Na mimi nina la kusema.

Mimi huo uchelewaji naupenda. Nauza samaki, na jioni nakaanga nyumbani, jiko liko uani. Siwezi kukaa mbele ya runinga dakika tisini, sato akiungua nani atamnunua? Sasa banda la mtaani kwetu likilipuka naweka mwiko juu ya mfuniko, nafuta mikono kwenye kanga, navuka mlango, napita pazia, na goli linanikuta nimeshafika. Nimeona magoli mengi kwa mtindo huo kuliko mume wangu aliyekaa kitini, maana yeye husinzia. Fundi akija kunirekebishia nitamfukuza.

#9 Ngosha wa Igoma
Mama Sato shikamoo. Hili sijawahi kulisikia popote. Hatua ngapi kutoka jikoni mpaka kwenye kiti?

#10 Mama Sato
Marahaba. Kumi na moja. Nikiwa nimebeba sufuria, kumi na tatu.

#11 Nyamanoro Juu
Nyie mnalalamikia mechi za Ulaya. Mimi nakaa kama mita 700 kutoka CCM Kirumba. Mechi ikichezwa pale na mimi nimebaki nyumbani, goli linaingia mara mbili. Kwanza uwanja wenyewe unanguruma, sauti inapiga mawe inarudi, hata kuku wanatulia. Kisha naangalia runinga, bado ni mpira wa kurusha.

Nakumbuka Aprili 2017, Mbao FC wa hapahapa Mwanza walipoitoa Yanga 1-0 pale Kirumba. Nilisikia ngurumo, nikasimama katikati ya sebule nikawaambia watoto, "Mbao wamefunga." Mke wangu akasema umejuaje, uwanja umejaa mashabiki wa Yanga pia. Nikamwambia hii siyo ngurumo ya Yanga. Sijui niliijuaje. Zile sekunde zote tulisimama, hakuna aliyekaa, mpaka mpira ukaingia wavuni kwenye kioo. Mpaka leo wale watoto wananiuliza nilijuaje.

#12 Toto la Mjini
Mbao siku ile si ndiyo walikuwa wanakwepa kushuka daraja?

#13 Nyamanoro Juu
Hapana, unachanganya. Ile ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Fainali wakaenda Dodoma, Jamhuri, wakafungwa na Simba 2-1 baada ya dakika za nyongeza.

#14 Mwalimu Nyegezi
Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde hewani. Mita 700 ni sekunde mbili na kidogo. Kwa hiyo sauti ya miguu, tuseme hivyo, imeyashinda mawimbi ya angani yanayokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Nitawapa wanafunzi wangu hili swali Jumatatu.

#15 Mzee wa Antena
Vijana, mmezaliwa kwenye matatizo hamjui yalipoanzia.

Zamani hapa Mwanza hakukuwa na kitu hicho. Ilikuwa analojia. Antena ilikuwa juu ya mti wa mwanzi au bomba, mtoto anapanda anaizungusha, wewe uko dirishani unapaza sauti: "Bado... bado... rudisha... HAPO HAPO! Usishike tena!" Picha ilikuwa na chenga, mpira ulikuwa na kivuli, wachezaji ishirini na wawili wanaonekana arobaini na wanne. Lakini mtaa mzima uliokuwa kwenye kituo kimoja uliona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nyumba zote.

Tarehe 2 Julai 2010, Ghana na Uruguay, Kombe la Dunia kule Afrika Kusini. Mnakumbuka. Dakika ya mwisho ya nyongeza Suárez akaushika mpira kwa mikono mstarini. Penalti. Mtaa wetu wote, Mkuyuni, kelele moja kubwa ya furaha kama tumeshinda sisi. Gyan akauweka. Ukanyamaza mtaa, unasikia jenereta tu la duka la kona. Akapiga, ukagonga mwamba wa juu. Wanangu, ule ukimya uliofuata ulitupata wote sekunde moja. Hakuna aliyeuona kabla ya mwenzake, hakuna aliyembeba mwenzake. Nilifungua mlango nitoke nje, na majirani wote walikuwa wamefungua milango yao, tumesimama tunatazamana bila neno.

Mwisho wa Februari 2013 wakazima mitambo ya analojia Mwanza. Picha ikawa safi, na tangu hapo kila nyumba ina goli lake. Mleta uzi, sekunde zako zilipotea siku ile.

#16 Mwana Mabatini
Shikamoo mzee. Ujumbe huu nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nimemsomea mke wangu kwa sauti.

#17 Fundi Dishi Buzuruga
Mzee shikamoo. Nakuheshimu lakini niongeze: hata enzi hizo vituo viwili tofauti vikionyesha mechi moja vilikuwa vinapishana. Nilikuwa mdogo, Mabatini hiyohiyo, nakumbuka kupishana. Ila ni kweli kwenye kituo kimoja mlikuwa pamoja.

#18 Mzee wa Antena
Marahaba. Ndiyo maana nimesema "uliokuwa kwenye kituo kimoja". Soma taratibu fundi.

#19 Karabai
Salaam kutoka ziwani. Mimi ni mvuvi wa dagaa, nipo kambi ya upande wa Kome. Kwetu wa kwanza ni redio. Tuko majini usiku, taa zimewashwa, dagaa wanasubiriwa wakusanyike, redio imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Mtangazaji akisema goli, tunashangilia mitumbwi yote, na tunatazama taa za mwaloni: kimya. Baadaye kidogo ndipo unasikia kelele za banda zinakuja juu ya maji. Ziwa linajua kabla ya nchi kavu.

Mechi za Ulaya za usiku zikiangukia mbalamwezi ni raha nyingine. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, hatuendi kuvua, kambi nzima inakuwa bandani. Mwenye banda huwa anaangalia kalenda ya mwezi kabla ya kununua mafuta ya jenereta. Nusu fainali ikikutana na giza, anapata wachuuzi watatu na mtoto wake.

#20 Ngosha wa Igoma
Karabai umenifurahisha. Mwangaluka kaka, salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, hata kama ni usiku.

#21 Mwalimu Nyegezi
@Karabai, redio ya mawimbi ya FM kweli haina akiba wala kufungua mzigo, inaruka tu. Lakini inategemea mtangazaji yuko wapi. Akiwa uwanjani, mko mbele ya wote. Akiwa studio anaangalia runinga kama sisi, mko nyuma yake naye yuko nyuma ya uwanja. Na redio ya kwenye simu kwa bando ni habari nyingine, inaweza kuchelewa kuliko hata runinga.

#22 Mzee wa Antena
Watangazaji wa zamani walikuwa uwanjani. Marehemu Charles Hilary akitangaza, ulikuwa unajua mpira uko upande gani wa uwanja na umekanyagwa na nani, na bado unasikia mashabiki nyuma yake. Ulikuwa unaona kwa masikio.

#23 Bint Nansio
Ahsanteni kwa uzi mzuri. Nyie mnalilia sekunde tano, sisi Ukerewe tunalilia mvua.

Januari 2024, Afcon, Tanzania na Zambia. Msuva kafunga dakika ya 11, nyumba nzima tumejaa, baba kavaa jezi ya zamani imembana tumbo. Zambia wako pungufu, wana kadi nyekundu. Tunaongoza. Kipindi cha pili upepo wa ziwani ukaanza, mlango unajifunga wenyewe. Kisha mvua. Picha ikaanza vipande vipande, uso wa kipa uko mahali pa goti, kisha ikaganda. Maandishi: hakuna mawimbi. Kaka yangu akatoka na mvuke wa chai mdomoni kwenda kulifunika dishi na mfuko wa plastiki, jambo ambalo halijawahi kusaidia hata siku moja lakini kila mara anafanya. Tukakaa gizani na kioo cha bluu. Baba anasema, "Dakika zinakwenda, wanangu, zinakwenda zenyewe." Picha iliporudi ilikuwa 1-1. Daka, dakika ya 88. Hatukuliona. Mpaka leo baba anasema tusingekatika wasingerudisha.

Fundi, kwa nini mvua ya kwetu inakata haraka hivi, wakati kwa shangazi mwenye dishi lile kubwa la nyavu haikati?

#24 Fundi Dishi Buzuruga
@Bint Nansio pole na baba. Dishi la shangazi, lile kubwa, linapokea mawimbi marefu, urefu wake kama sentimita saba na nusu, mvua haiyasumbui sana. Haya madogo yetu yanapokea mawimbi mafupi, kama sentimita mbili na nusu, na matone makubwa ya mvua za ziwa yanayala. Hata wingu zito likipita kati ya dishi na setilaiti linatosha, kwako mvua haijafika. Kufunika na plastiki hakusaidii, maji yanabaki juu ya plastiki. Kinachosaidia ni dishi kuelekezwa vizuri kabisa siku ya jua ili uwe na akiba ya mawimbi, na kichwa cha dishi kisiwe kimepasuka kifuniko. Nyigu wa huku wanapenda sana kujenga mle. Nimetoa viota vingi kuliko nilivyobadilisha nyaya.

Kuna na kingine watu hawakijui. Machi na Septemba, siku chache tu, mchana, jua linajipanga nyuma kabisa ya setilaiti. Dakika kadhaa picha inapotea na anga ni jeupe halina hata wingu. Wateja wananipigia, naenda na ngazi, nikifika imesharudi.

#25 Msafiri Busisi
Mimi kero yangu ilikuwa kivuko. Natoka Sengerema Jumamosi na mzigo, nafika Kigongo kipindi cha pili kimeanza. Siku hizi daraja limefunguliwa, tangu Juni 2025, kilomita tatu unavuka na gari dakika chache. Ila nawaambia ukweli, kile kibanda cha kando ya foleni nakikosa. Madereva wa malori, wauza mihogo, askari, wote shingo juu, na king'ora cha kivuko kikilia hakuna anayesogea mpaka kona ipigwe.

#26 Toto la Mjini
Swali la pembeni: kwa nini mechi za Jumamosi za Uingereza mara zinaanza saa kumi na moja, mara saa kumi na mbili? Mwenye banda letu anafuta ubao kila msimu.

#27 Mwalimu Nyegezi
Wenzetu wanasogeza saa. Jumapili ya mwisho ya Machi wanaipeleka mbele, ya mwisho ya Oktoba wanairudisha. Sisi hatusogezi, jua la Mwanza linachomoza karibu muda uleule mwaka mzima. Kwa hiyo saa tisa ya mchana ya kwao ni saa kumi na moja kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili wakati wa baridi yao.

Na hizo za saa tisa, jueni mna bahati. Kule Uingereza kwenyewe hazirushwi moja kwa moja kwenye runinga. Ni utaratibu wao wa miaka mingi, tangu miaka ya 1960, ili watu waende viwanjani, hasa kwa timu ndogo. Shabiki wa kule asiye na tiketi anasikiliza redio, na wewe wa Igoma umekaa kwenye benchi unaiona.

#28 Ngosha wa Igoma
Hii sikuijua!!! Kumbe Jumamosi saa kumi na mbili jioni mimi naona na mtu wa mtaa wa uwanjani haoni. Kesho naiambia banda zima, na nitakaa mbele.

#29 Kijana wa Mkeka
Turudi kwenye mada. Fainali ya 2022, Argentina na Ufaransa, tarehe 18 Desemba. Nilikuwa geto, Nyegezi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, tuko sita. Ufaransa wamelala 2-0, dakika ya 79, tunaanza kukunja vitu. Tukasikia nje kelele. Tukasema labda Messi kaongeza. Simu ikaonyesha penalti ya Ufaransa, tukajua ndiyo hiyo. Mbappé anarudi nyuma apige, tukasikia nje kelele nyingine kubwa zaidi! Tukabishana: hii nayo ni ya nini, wanashangilia marudio? Penalti yetu ikaingia, 2-1, hata hatujamaliza kurukaruka, Mbappé yuleyule, mpira hewani, bum. 2-2. Kumbe mtaa ulikuwa umeshamaliza magoli mawili sisi tuna moja. Yalipishana kama dakika moja na nusu tu. Nimeangalia mechi nyingi, lakini kuishi ndani ya zile sekunde, unajua kuna kitu kinakuja na hujui ni nini, sijapata tena.

Kwa hiyo mleta uzi, kuchelewa siyo hasara tu.

#30 Mwana Mabatini
@Kijana wa Mkeka, ninyi hamkujua ni nini. Mimi najua ni nini, ndiyo shida yangu. Kelele za Mabatini zina lugha. Goli la Simba lina filimbi, la Yanga lina mabati kupigwa, kukosa ni "aaah" ya chini, ofsaidi ni matusi. Nikisikia tu naelewa.

Naombeni tufanye jambo moja. Jumamosi hii mechi ya saa kumi na mbili. Kila mmoja aweke saa ya simu mbele yake, kipindi cha pili refa akipuliza kipyenga cha kuanza aandike sekunde. Tulinganishe hapa.

#31 Bint Nansio
Mvua isiponyesha, nipo.

#32 Karabai
Ni giza wiki hii, nitakuwa majini. Nitawasikiliza.

#33 Mwana Mabatini
Jumamosi, matokeo. Wote ni saa 1 na dakika 4 usiku, naandika sekunde tu:
Banda la chini yangu (nilimtuma mwanangu): 09
Fundi, Buzuruga: 11
Jirani wa antena: 13
Mimi: 14
Bint Nansio: 14
Mwalimu, simu: 29
Geto la nyuma, simu: 43

Sasa fundi nieleze. Mimi na wewe tuna king'amuzi cha kampuni moja, kifurushi kimoja, chaneli moja. Sekunde tatu zimekwenda wapi?

#34 Fundi Dishi Buzuruga
Changu ni toleo la mwanzo, sijabadilisha. Naamini ni hilo. Vipya vinafanya kazi nyingi nyuma, vinarekodi, vina menyu nzito.

#35 Mwalimu Nyegezi
Inawezekana. Inawezekana pia saa zenu za simu hazilingani, moja inajiweka sawa na mtandao na nyingine haijawashwa hilo. Sekunde mbili tatu kwenye simu ni kawaida. Na mtoto aliyetumwa bandani aliandika alipoona au alipomaliza kushangilia?

#36 Mwana Mabatini
Alisimama na simu ya mama yake, aliandika palepale. Namwamini.

#37 Ngosha wa Igoma
Mimi bado nasema ni makusudi. Vituo vinajiwekea sekunde kadhaa ili likitokea jambo baya uwanjani wakate.

#38 Mwalimu Nyegezi
Hilo lipo kwa baadhi ya vipindi duniani, lakini lingewachelewesha wote wa kituo kimoja sawasawa. Halielezi sekunde tatu za mleta uzi na fundi.

#39 Mama Sato
Mwanangu Mabatini, shuka bandani. Hatua themanini tu. Mimi ningekuwa na nafasi ningekwenda.

#40 Mwana Mabatini
Mama, jana nilishuka. Nililipa mia tano, nikabanwa kati ya fundi baiskeli na kijana mwenye begi la shule. Kipindi cha pili ikapigwa kona, sikusikia lolote kutoka popote, sikujua kama inaingia. Nilikuwa nimesahau hiyo hali. Iliingia, tukashikana na fundi baiskeli ambaye simjui jina.

Ila leo nimebaki nyumbani, mtoto ana homa kidogo. Na hivi ninavyoandika, antena ya jirani imepiga kelele na banda lipo kimya. Kwangu kipa ndiyo kwanza anapiga mpira wa goli.

#41 Fundi Dishi Buzuruga
Antena kabla ya banda? Jumamosi ilikuwa nyuma yake kwa sekunde nne. Wanaangalia chaneli moja kweli hao?

#42 Mwana Mabatini
Ngoja niende kumgongea.